Walivyofunga Ukumbi kwa Neno Utupu

Nitaanza na mzee wa kanisa, kwa sababu yeye ndiye mwenye makosa na mimi sina haja ya kuzungukazunguka. Jina lake nalijua na mtaa mzima unalijua. Hapa sitaliandika, nimeshaonywa. Lakini kazi yake nitaitaja. Leo ni mzee wa kanisa letu hapa Ziwani, anapitisha sahani ya sadaka na kutunza funguo za ukumbi. Zamani alikuwa msimamizi wa karakana ya vioo kule Industrial Area, mtaa wa viwanda, na mimi nilikuwa mbebaji chini yake. Mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni koti.

Shule mimi niliachia njiani, kwa hivyo ukiona nimeandika habari za mwanga na nyota usidhani nimezitoa kichwani mwangu. Zimetoka kwa binti yangu. Anasoma shahada ya pili chuo kikuu hapa mjini, na anachosoma ni jinsi mwanga unavyosafiri mahali ambapo nafasi na wakati vimepinda. Siku aliyoniambia hivyo mara ya kwanza nilimwuliza kama kuna mtu atamwajiri kwa jambo hilo.

"Baba, hata mimi najiuliza," akasema, akacheka.

Mimi humwita Mama. Ana jina la mama yangu mzazi, na sisi Wakamba mtoto mwenye jina la mamako humwiti vingine.

Kila Jumamosi huyu binti alifundisha watoto wa mtaa hesabu na sayansi katika ukumbi wa kanisa. Wengi walikuwa wasichana, na wengine walitembea kwa miguu kutoka Mathare. Hakuna aliyemtuma. Ukumbi ulikuwa umekaa bure, viti vimepandana, panya wanazaa. Akauomba, akapewa, akaufagia mwenyewe. Ukumbi huo ndio waliomnyang'anya. Mengine yote nitakayosema yanauzunguka huo.

Mambo yalianza Jumapili ya vijana. Mchungaji alimwomba binti yangu awaeleze waumini, baada ya ibada, anasoma nini huko chuoni. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilimkuta anajiandaa kwa Kiingereza. Nikamwambia, "Mama, sema Kiswahili."

"Kwa nini? Maneno mengine hata sijui yanaitwaje."

"Kwa sababu nataka nielewe. Na si mimi peke yangu."

Angesema kwa Kiingereza, kusingekuwa na lolote. Watu wangepiga makofi kwa kitu wasichokielewa, kama tunavyompigia kila mgeni wa serikali anayekuja kutuahidi mtaro wa maji machafu. Wangesema msichana ana akili, wakaenda kunywa chai. Lakini alisema kwa lugha yetu, wakaelewa neno moja, na hilo moja wakalielewa vibaya.

Alisimama mbele bila karatasi. Mzee wa kanisa alikuwa kiti cha mbele kabisa, na kando yake mwenyekiti wa akina mama, mwenye kitambaa cheupe kichwani na kauli juu ya kila jambo. Binti yangu akaanza polepole. Akasema kitu kizito kama jua hupinda nafasi na wakati vinavyokizunguka, na mwanga wa nyota ukipita karibu na jua tunauona kama umekwenda upande.

"Lakini mwanga haujaenda kombo," akasema. "Umeenda moja kwa moja, sawasawa kabisa. Njia ndiyo imepinda."

Hapo neno kombo lilinirudisha karakana. Lazima niwaambie kwa nini.

Kule karakana kulikuwa na ngazi ya mbao ya kupandishia vioo kwenye lori. Mbao zilikuwa zimechoka, zimebonyea katikati kama godoro kuukuu, na kila mtu alijua. Siku moja kikatoka kioo kikubwa cha duka la mjini, kioo cha kubebwa na watu wanne. Msimamizi akatuita wawili tu, mimi na mwenzangu mmoja kutoka Magharibi mwa nchi, mtu mcheshi aliyekuwa akiimba kwaya huku amebeba mzigo. Tulimwambia bosi, hiki ni cha wanne. Akatujibu, "Nyinyi ni wanaume ama ni mayai? Pandisheni."

Tukapandisha. Tulipofika pale pabonyeapo, ubao wa upande wa mwenzangu ulishuka na wangu ukabaki juu. Kioo kikajipinda kidogo, kidogo tu, kikalia, kikapasuka. Mimi kilinikata mkono wa kushoto, na vidole hivi havijawahi kukunjika tena. Mwenzangu kilimkata paja, ndani, pale penye mshipa mkubwa. Lori lilikuwa palepale, limeshapakiwa vioo vingine, injini inanguruma, dereva yuko tayari. Nililia tumpeleke hospitali. Msimamizi akasimama nyuma ya lori akasema, "Pakueni vioo kwanza. Hiyo ni mali ya mteja."

Tulipakua. Yaani walipakua, mimi nilikuwa nimefunga paja la mwenzangu kwa shati langu. Alipofikishwa hospitali walimpokea tu wa kufunikwa shuka.

Mwenye karakana hakutupa hata glovu, wala hakuja mazishini. Mkaguzi wa serikali alikuja, akapewa soda baridi, akamsikiliza msimamizi akimweleza kwamba sisi wawili tulienda kombo. Ndivyo alivyosema, "Walienda kombo." Mkaguzi akaitikia kwa kichwa, akamaliza soda yake, akaondoka. Hao ndio watatu: mwenye mali, mkaguzi na msimamizi. Wawili sijui walikoishia. Wa tatu ananipitishia sahani ya sadaka kila Jumapili na kuniita ndugu.

Binti yangu alijua habari ya mkono wangu na ya mwenzangu. Jambo ambalo hakujua ni kwamba yule msimamizi ndiye huyu mwenye funguo. Sikumwambia. Namjua, angekataa ukumbi, na wale wasichana wangekosa mahali pa kusomea kwa sababu ya hasira yangu. Nilimeza. Nilidhani nikimeza peke yangu inatosha.

Basi turudi kanisani. Binti yangu akasema kwamba hiyo ya njia kupinda inajulikana zamani, wataalamu wameipima. Yeye anashughulika na jambo dogo lililo ndani yake. Akasema mwanga ukiwa njiani unaweza, kwa muda mfupi ambao ukilinganisha na kupepesa jicho basi jicho limelala mwaka mzima, kugeuka kuwa vitu viwili vidogo, elektroni na kinyume chake, halafu vinarudiana kuwa mwanga tena.

"Wakati ule ukiwa vitu viwili, mwanga si nukta tena," akasema. "Una upana. Na kitu chenye upana kinahisi mpindo ambao nukta haiwezi kuuhisi."

Akaona watu wamekaza nyuso. Akatabasamu.

"Baba yangu alikuwa akibeba vioo. Mtu akitembea peke yake uchochoroni, kona haimsumbui. Lakini wawili wakiwa wameshika kioo kimoja, wa ndani anapiga hatua fupi, wa nje anapiga ndefu, na kioo chenyewe ndicho kinachoumia. Tena kikibebwa wima, kona inakitendea hivi. Kikilazwa, inakitendea vingine. Hata mwanga ndivyo. Kuna unaotikisika wima na unaotikisika mlalo. Mahali palipopinda sana, huenda huu na ule visiende kwa mwendo mmoja."

"Sasa nani anashinda?" kijana mmoja akapiga kelele nyuma, watu wakacheka.

"Kuna hesabu zinazoonyesha mmoja anaweza kumtangulia mwenzake kwa kidogo mno. Watu bado wanabishana maana yake ni nini."

Hakutaja ajali. Hakutaja kifo wala mtu. Alitaja watu wawili na kioo, basi. Lakini mimi nilikuwa namwangalia mzee wa kanisa, na niliona shingo yake ikiingia ndani ya kola. Alielewa. Labda katika watu wote waliokuwa mle, mimi na yeye ndio tulioelewa mfano ule mpaka mwisho.

Halafu binti yangu akasema lile neno. Mtu alimwuliza mwanga unapata wapi nguvu ya kugeuka kuwa vitu viwili, naye akajibu, "Kwenye utupu. Watu hudhani utupu ni kitupu, lakini utupu umejaa mambo. Mwanga ukiingia ndani ya utupu, utupu unauitikia."

Kanisani kwetu neno utupu tunalisikia mahali pamoja tu, tunapokatazwa kuangalia uchi wa watu. Kisha msichana mmoja wa kwaya akafunika mdomo.

"Mwanga unaingia wapi?" akauliza mwenyekiti wa akina mama.

"Kwenye utupu, mama. Ule utupu ulio nje."

"Ati uko nje?" Yule mama akashika kitambaa chake kwa mikono miwili. "Ashindwe!"

Vijana wa nyuma walikuwa wameanguka kwenye viti. "Manze!" mmoja akasema, "sayansi ni tamu hivi na mimi nilikuwa natoroka?" Na mimi nilicheka, nisidanganye. Binti yangu peke yake ndiye hakujua tunachekea nini. Alisimama pale akijaribu kurekebisha, akisema utupu mkubwa, utupu wa mbali, na kila akirekebisha anazidi kuharibu.

Mzee wa kanisa hakucheka. Akainuka polepole, akafunga kifungo cha koti.

"Binti, hiyo kitu mmeiona kwa macho?"

"Bado, mzee. Ni ndogo mno. Leo hakuna chombo kinachoweza kuipima."

"Kwa hivyo unawafundisha watoto wetu kitu ambacho hakijaonekana, na kiko ndani ya utupu."

Watu wakacheka tena, lakini kicheko hicho kilikuwa cha aina nyingine. Akageuka akawatazama. "Mimi nauliza tu," akasema. "Jumamosi huwa wanafunga mlango. Nauliza tu."

Mnaona kazi ya mtu mwovu? Hakusema lolote. Aliuliza tu. Mlango ulifungwa kwa sababu upo upande wa gereji na watoto hawasikii. Lakini wiki hiyo maneno yalitembea kutoka bomba la maji hadi kwenye kibanda cha mboga, kwamba yule msomi anawafundisha wasichana mambo ya utupu ndani ya ukumbi wa Bwana, mlango umefungwa. Mwenyekiti wa akina mama aliyabeba maneno hayo nyumba kwa nyumba, kwa huruma, akisema tumwombee. Jumamosi ilipofika tukakuta kufuli jipya. Watoto wamesimama nje na mifuko yao.

Tuliitwa mbele ya wazee, katika kile chumba cha nyuma ambamo majoho ya kwaya yananing'inia. Mchungaji alikuwepo, na yule mama, na mzee mwenye funguo. Wakasema binti yangu akae benchi ya nyuma. Kanisani kwetu hiyo ndiyo adhabu. Mlevi hukalishwa hapo, msichana aliyepata mimba hukalishwa hapo, mpaka siku ya kusimama mbele ya watu na kutubu. Akishatubu, ukumbi utafunguliwa.

Mimi nilianza kusimama. Binti yangu akanigusa goti.

"Wazee wangu," akasema, "nimetafuta. Kuna neno lingine la Kiswahili. Ombwe. Mahali pasipo na kitu, hata hewa. Nilipaswa kusema ombwe. Kwa neno lile naomba radhi hata Jumapili hii, mbele ya watu wote."

Mchungaji alipumua kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. "Ombwe! Basi si limeisha?"

"Ombwe," yule mama akalijaribu mdomoni. "Ombwe. Hilo angalau halina suruali wala halikuvuliwa suruali."

Hata mchungaji alicheka. Kama huyo mzee angekuwa anagombana na neno, ugomvi ungeishia hapo. Nawaomba mshike hilo, kwa sababu mpaka leo kuna watu hapa Ziwani wanaosema ukumbi ulifungwa kwa ajili ya matusi. Tusi liliondoka pale pale, watu wote wakiwa wamekaa. Funguo hazikutoka mfukoni.

"Neno sawa," akasema mzee. "Bado ule mfano."

"Mfano gani?"

"Wa vioo. Uondolewe. Unaleta majonzi kwa watu. Tumia kondoo. Kondoo wawili wanapita kwenye kona, ni kitu kilekile."

Binti yangu akamtazama yeye, akanitazama mimi, kisha mkono wangu wa kushoto uliokuwa juu ya meza. Nikaona uso wake ukibadilika.

"Mzee, wewe ulifanya kazi wapi zamani?"

"Hayo hayahusu kanisa."

Hapo sikumeza tena. Nilimtaja jina, lote, na jina la babake. Nikamtaja marehemu. Nikasema, "Pakueni kwanza. Si ndivyo ulivyosema? Mwambie mchungaji. Mtu anamwaga damu na wewe unasema pakueni kwanza." Sauti yangu ilifika barabarani, niliambiwa baadaye.

"Ndugu, tafadhali," akasema mchungaji, "hapa si kortini."

Na wewe mchungaji nakutaja pia. Ulikaa pale ukitazama majoho. Ulikuwa na neno moja la kusema, kwamba ukumbi ni wa kanisa na si wa mtu, na hukulisema. Yule mzee aliogopa kitu alichokitenda. Wewe uliogopa kuharibu mkutano.

Mzee hakukana. Alisema tu, "Tuko hapa kwa ajili ya watoto. Binti aseme. Ombwe na kondoo, nafungua leo." Akaziweka funguo mezani, akaweka kiganja juu yake.

Nilimtazama binti yangu. Nilijua ukumbi ule ni nini kwake. Kulikuwa na wasichana watatu au wanne waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani, nyumbani kwao hakuna hata mahali pa kuegemeza daftari. Angekubali, nisingemlaumu. Yaani, ningemlaumu, lakini kimoyomoyo.

"Kondoo hawafai," akasema.

"Ni mfano tu, binti."

"Najua ni mfano. Kila kondoo ana miguu yake. Mmoja akipita huku na mwingine kule, hakuna kinachotokea. Lazima wawe wawili walioshika kitu kimoja, na hakuna anayeweza kuachilia. Hapo ndipo mpindo unapohisika. Nikiwapa watoto kondoo watakariri, lakini nitakuwa nimewafundisha uongo." Akasimama. "Kaa na funguo zako, mzee."

Tulitoka. Njiani sikuweza kunyamaza. Nilitaka kusikia kwamba amekataa kwa ajili ya yule marehemu, au kwa ajili ya vidole hivi.

"Ulimkatalia kwa sababu yangu?"

"Nilimkatalia kwa sababu alikosea, Baba. Angetoa mfano mzuri kuliko wako, ningeuchukua."

"Hata kutoka kwake?"

"Hata kutoka kwake." Akatembea kidogo. "Na wewe ulikuwa unaniacha nimwombe funguo kila wiki. Nikimwambia asante."

Hakungoja jibu, akatangulia mbele.

Yule mzee bado ni mzee. Jumapili iliyofuata alisimama akatangaza kwamba ukumbi unafanyiwa ukarabati. Hakuna fundi aliyeonekana mpaka leo ninapoandika. Mchungaji hunipigia simu kuniuliza mbona sionekani ibadani. Namwambia benchi ya nyuma imejaa.

Darasa sasa liko kwenye ujia kati ya nyumba yetu na ya jirani, chini ya kamba za nguo. Mvua ikinyesha hakuna darasa. Waliobaki ni wachache, kwa sababu akina mama wengi wamewakataza wasichana wao, na siwezi kuhesabu kichwa kimoja kilichopotea bila kumkumbuka aliyekipoteza. Wawili kati ya wale wa mtihani hawajarudi.

Jumamosi iliyopita yule mwenyekiti wa akina mama alitokea mwisho wa ujia, kitambaa chake kichwani, amemshika mkono mjukuu wake wa kike. Alisimama pale akijifanya anatazama nguo za watu. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni.

"Bwana asifiwe, Baba," akaniambia.

Nikamtazama tu.

"Mimi hiyo ombwe yenu siielewi," akasema. "Lakini huyu ananisumbua nyumbani. Hanipi usingizi, ati anataka kujua kama mwanga ule mwingine, ule uliotanguliwa, ulifika."

Kiti kilikuwepo kando yangu. Sikumsogezea. Aliyatembeza maneno yale nyumba kwa nyumba kwa miguu yake mwenyewe, na kwa miguu hiyo hiyo angeweza kurudi nyumba kwa nyumba kuyafuta, lakini amekuja kwangu peke yangu, kimyakimya, pasipo na anayemwona. Binti yangu ndiye aliyeweka chaki chini, akaenda akampokea msichana, akamwonyesha mahali pa kukaa.

"Haujafika," akamwambia. "Kaa hapa tuufanyie hesabu."